Kibao Nilichokiandika Joshoni

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa bado sijaelewa mtu aliyeambiwa asirudi kazini kesho ana haja gani ya saa. Mliniomba pia niandike machache kuhusu miaka yangu ya ubwana mifugo, ili ninyi mnaoanza mpate cha kusoma. Nilipandishwa cheo mara ngapi na mshahara uliishia wapi, hayo yamo kwenye faili langu, kama panya hawajalimaliza. Mimi nitaandika habari za kibao kimoja cha mbao, urefu wa mkono wa mtu mzima, nilichokipaka rangi nyeupe na kukiandika maneno manne kwa rangi nyeusi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimechanja, nimehasi, nimevuta ndama waliokwama matumboni mwa mama zao. Katika yote hayo kilichodumu ni kile kibao, na ndicho ninachokijutia mpaka leo.

Mimi ni Mwiraqw wa Maretadu, upande wa Mbulu. Nililelewa na bibi yangu, ambaye alikuwa na dawa moja tu ya mtoto asiyetaka kulala: "Usipofumba macho, Mang'ati atakuja na mkuki." Nilimwogopa Mang'ati miaka mingi kabla sijamtia machoni. Nilikuja kujua ukubwani kwamba hilo jina wenyewe hawalipendi, kwamba wao ni Wadatoga, na wale wa Hanang hujiita Wabarabaig. Nilipokwenda chuo cha mifugo, wenzangu wa mikoa mingine waliniita Mmbulu, na ilinichukua muda kuzoea kuwa kabila lenye jina la mji. Asubuhi tukipandisha bendera nilikuwa Mtanzania, na nilikuwa Mtanzania kwa moyo wote mpaka wakati wa uji. Kwa hiyo nilipopangiwa kata ya Gendabi, wilaya ya Hanang, nilikwenda na cheti kimoja, begi moja, na hofu ya bibi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, maduka ya Katesh yalipoanza tena kuwa na sabuni na watu wakasahau foleni za sukari. Kijiji chenyewe sitakitaja, kwa sababu waliobaki wanatosha kuumia bila mimi kuwaandika. Kilikuwa na josho la serikali, na josho lilikuwa na mhudumu, Mzee Issa, Mrangi kutoka Kondoa. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya sufi majira yote, na aliongea kama anayelipia kila neno.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia.

"Marahaba. Umekuja na buti?"

Sikuja na buti. Nilikuja na viatu vya ngozi vya kumpendeza mkuu wa kazi.

"Basi leo utajifunza," alisema, akanipa fimbo.

Nyinyi wa siku hizi mmezoea bomba la kunyunyizia begani, kwa hiyo nieleze. Josho ni shimo refu la saruji lililojaa maji yenye dawa ya kupe. Ng'ombe huingizwa kwenye ujia mwembamba wa magogo, mmoja nyuma ya mwingine, huruka ndani, huzama mpaka pembe, huogelea, hupanda ngazi upande wa pili, husimama kwenye sakafu dawa iliyobaki ichuruzike na kurudi shimoni. Lazima wanywe maji kabla, la sivyo mwenye kiu atakunywa dawa. Ndama wadogo huenda mwisho. Hayo yote yamo vitabuni na nilikuwa nimeyakariri.

Ambacho hakikuwamo vitabuni ni foleni ya Mzee Issa. Siku ya josho ilikuwa moja kwa juma na watu wote walikuja siku hiyo hiyo. Aliyewahi aliingia kwanza, awe na ng'ombe mia au mbuzi wawili na punda. Na ng'ombe wako hukuwasukuma mwenyewe. Aliyekufuata kwenye foleni ndiye aliyekusukumia, yeye na watoto wake, huku wewe ukiwasubiri upande wa pili kwenye ngazi. Ukimaliza, yeye anaingiza wake na wa nyuma yake anamsukumia. Mzee Issa alikaa juu ya ukuta na kusema neno moja tu, "Anayefuata," asubuhi mpaka jua la saa saba.

Nilimwuliza kwa nini asiruhusu kila mtu asukume wake, ingekuwa haraka zaidi.

"Ng'ombe wake anamzoea. Anamchezea," alisema. "Wa mwenzako ukimsukuma anaruka."

Niliamini kwamba hiyo ndiyo sababu yote, na huenda kwake ndiyo ilikuwa yote. Lakini tazameni kilichotokea. Mwiraqw mwenye ng'ombe watano alijikuta ameshika mkia wa dume la Mdatoga, na Mdatoga mwenye mkuki aliuegemeza ukutani ili apate mikono miwili ya kusukuma mtamba wa mkulima. Huwezi kumsukumia mtu ng'ombe bila kumwuliza yupi ni mkorofi. Watoto wao waliokuwa wakisubiri kwenye sakafu ya kuchuruzisha walijifunza kuhesabu ng'ombe kwa lugha ya yeyote aliyekuwa mbele yao, na matusi pia. Kiswahili kilikuwa cha wote na hakikuwa cha mtu, kila mmoja akikivunja kwa namna ya kwao. Sikumbuki mtu yeyote aliyetoa hotuba ya umoja pale. Harufu ya dawa ilikuwa kali mno kwa hotuba.

Hofu ya bibi iliniisha siku ambayo mzee mmoja wa Kidatoga, Gidashang, alinikuta nimeruka pembeni mkuki wake ulipoanguka. Alicheka mpaka akakaa chini. Nikamweleza kwa aibu habari za bibi na usingizi.

"Hata mimi," alisema. "Mama yangu alisema, usipolala, Mwiraqw atakuja na jembe, atakulima."

Tulicheka wote, na tangu siku hiyo aliniita Dakitari, cheo ambacho serikali haijanipa mpaka leo.

Nyumba ya Gidashang ndiyo hasa ninayotaka muijue. Mkewe, Martha, alikuwa Mwiraqw. Alipokuwa msichana alipata mimba kabla ya ndoa, na kwa mila yetu ya zamani binti wa namna hiyo hakuruhusiwa kuzalia kwao, aliaminiwa kuwa angeleta maafa kwa nyumba na mashamba. Alitolewa. Wadatoga walikuwa na desturi ya kuwapokea mabinti hao, na Gidashang alimpokea, akamwoa, na mtoto wa kike aliyezaliwa akawa wake bila maneno mengi. Kanisani alibatizwa Veronika. Baba yake alimpa jina jingine ambalo sikuweza kulitamka vizuri, na yeye Veronika alinisahihisha kila juma, jina hilo na hesabu yangu ya Kidatoga, kwa uvumilivu wa mwalimu aliyekata tamaa.

Kaka yake Martha, Tluway, aliishi kijiji hicho hicho upande wa mashamba. Tangu dada yake atolewe hakuwa amesema naye neno. Lakini foleni haikujua hayo. Siku moja Tluway alifika akakuta aliye mbele yake ni Gidashang. Alisimama, akamtazama Mzee Issa.

"Mimi nitasubiri wa nyuma apite," alisema Tluway.

"Hakuna kupisha. Sukuma au rudi nyumbani na kupe zako."

Akasukuma, uso umemkunjamana. Juma lililofuata akasukuma tena. Mwaka wa pili au wa tatu, mtamba wake mwenye mimba aliteleza akageuka tumbo juu ndani ya josho, na Gidashang akaruka ndani ya dawa na nguo zake zote akamshika pembe mpaka tukamtoa. Alipotoka macho yamekuwa mekundu, Martha alikuja na debe la maji kumwosha, na Tluway akalishika upande wa pili wa debe. Baada ya mavuno, Tluway alikuja joshoni na gunia la maharage, akaliweka karibu na dada yake, akasema, "Haya ni ya watoto." Martha alilia mbele ya watu wote bila kujifuta. Mimi nilijifanya napima kina cha dawa.

Veronika wakati huo alikuwa na miaka minane au tisa, bangili za shaba mikono yote miwili kama wasichana wa Kidatoga, na rozari shingoni. Ofisa mmoja wa wilaya aliyekuja kukagua alimwuliza kabila lake. Mtoto alimtazama kama aliyeulizwa swali la kipumbavu.

"Sisi ni wa kwa Gidashang," alisema.

Ofisa akaandika kitu kwenye karatasi yake. Sijui aliandika nini.

Kisha likaja wimbi la mageuzi. Tuliambiwa serikali imeacha biashara, na dawa ya kupe nayo imo kwenye biashara. Mapipa ya dawa yaliyokuwa yakiletwa na lori la wilaya yakaacha kuja. Josho likakabidhiwa kwa kamati ya kijiji, na dawa ikanunuliwa kwa michango kwenye duka la pembejeo Katesh. Mwaka huo huo ilikuja orodha ya watumishi wanaopunguzwa, na jina la Mzee Issa lilikuwamo. Hakulalamika. Aliniachia kijiti chake cha kupimia kina, chenye mikato ya kisu, na alipokuwa akifunga mzigo wake kwenye baiskeli alisema jambo moja.

"Dawa watakupunja. Utazoea. Foleni usiiguse."

Nilimjibu ndiyo, mzee, kama tunavyowajibu wazee wanaoondoka. Nilidhani ni mazoea yake tu.

Sasa lieleweni tatizo, kwa sababu lilikuwa la kweli, na mimi sikuwa mjinga. Dawa huchoka. Kila ng'ombe hutoka na kidogo mwilini, na matope hula iliyobaki. Zamani tuliiongezea kila tulipoona kijiti kimeshuka mkato mmoja. Sasa dawa ya kuongezea haikuwepo ya kutosha, kwa hiyo waliotangulia waliogeshwa dawa na wa mwisho waliogeshwa uji. Wakulima wenye ng'ombe wanne walilalamika kwamba kundi la Mdatoga mmoja linamaliza nguvu yote. Wafugaji walilalamika kwamba wao ndio wamechangia zaidi. Ng'ombe wa watu wa mwisho walianza kufa kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, na aliyefiwa na ng'ombe hana masikio. Watu wakaanza kufika alfajiri kuwahi, kisha kuwekeana mawe kwenye foleni, kisha kurushiana hayo mawe.

Nikakaa na kamati. Nikafikiri kitaalamu. Nikasema tugawe siku. Jumanne waje wenye mifugo michache, Alhamisi waje wenye makundi makubwa, kila siku na dawa yake kulingana na michango yake. Kila mtu alishangilia. Katibu wa kamati akasema "wenye mifugo michache" ni maneno mengi mno kwa kibao, tuandike kwa kifupi. Nikanunua rangi. Nikaandika:

JUMANNE WAKULIMA
ALHAMISI WAFUGAJI

Nilipiga msumari mwenyewe. Mwandiko wangu ni mzuri, nilisifiwa.

Gidashang alikuja akasimama mbele ya kibao. Hakujua kusoma, nikamsomea.

"Mimi siku yangu gani, Dakitari? Nina ng'ombe. Nina mahindi pia."

Kweli alikuwa na shamba, la Martha kwa jembe lakini la wote kwa chakula. Nyuma yangu watu walikuwa wanasubiri.

"Wewe ni mfugaji, mzee. Njoo Alhamisi."

"Na wangu wanne?" Martha aliuliza. Alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe, wanne, wazao wa ndama ambaye Tluway alimpa baada ya yale maharage. "Wale ni wa kwa kaka."

"Hao walete Jumanne, mama."

Nilijibu haraka kama mtu anayepanga viti. Ndivyo nilivyoigawa nyumba ya watu, mchana kweupe, na watu wakaniambia asante.

Ng'ombe wa Jumanne aliwaleta Veronika. Josho lilikuwa bondeni na mimi nilikuwa juu ya ukuta mahali pa Mzee Issa, kwa hiyo nilikuwa naiona njia yote. Mara ya kwanza alikuja kama kawaida, na watoto wa Jumanne wakamzomea kwenye sakafu, "Leo si siku yenu! Rudi kwenu Alhamisi!" Majuma machache baadaye nilimwona akisimama kwenye kona, penye mti mkubwa wa miiba, akivua bangili moja moja na kuzificha kwenye kitambaa chini ya jiwe. Alipomaliza kuogesha alipita pale akazivaa. Alhamisi alikuja nazo na baba yake. Nilimweleza mke wangu jioni ile kwa kucheka, kwamba kuna msichana ana nguo za Jumanne na nguo za Alhamisi. Nilicheka. Ninaliandika hilo ili msije mkadhani nilikuwa mtu mwema aliyezidiwa na mambo.

Baadaye aliacha kuja Alhamisi. Kisha sikumwona tena akisimama penye ule mti wa miiba, kwa sababu hakuwa tena na cha kuvua.

Wilaya ilipenda mpango wangu. Walinialika nikauelezee kwa mabwana mifugo wengine, na majosho mengine, hata kule Mogitu, yakapata vibao. Nilizunguka nikifundisha. Ugomvi wa foleni uliisha kabisa, hilo siwezi kukana. Watu ambao hawaonani hawagombani juu ya foleni.

Lakini taratibu nilianza kuona mambo. Hakuna tena mtoto wa Jumanne aliyejua kuhesabu Kidatoga. Kila upande ulichonga njia yake ya kwenda kwenye chumvi ya ziwani. Vilabu vya pombe vikawa viwili. Kamati ya josho ikawa na wajumbe wa wakulima na wajumbe wa wafugaji, kila mmoja akitumwa na wake kumchunga mwenzake. Walipokuja wataalamu wa kupanga matumizi ya ardhi, waliuliza kijiji kina makundi gani, na mtendaji, badala ya kufikiri, akawaonyesha kibao. Ramani ikachorwa hivyo, rangi ya kijani ya mashamba huku na ya njano ya malisho kule, na nyumba ya Gidashang ikaangukia kwenye kijani. Shangaeni jambo hili: Wairaqw wa pale walikuwa na ng'ombe, na Wadatoga wengi walikuwa wameanza kulima. Walifanana zaidi kuliko walivyowahi kufanana. Ndipo walipoacha kujuana.

Nilijaribu kurekebisha. Nilikifuta kibao, nikatangaza siku moja kwa wote, foleni ya zamani, kusukumiana. Siku hiyo walikuja watu wa Jumanne peke yao, kwa kuwa ilikuwa Jumanne. Rangi nyeupe ilifunika maneno vizuri sana.

Kisha mkoa wa Arusha ukagawanywa na sisi tukawa Manyara. Tuliambiwa sasa maendeleo yako karibu, na ni kweli, barua zilianza kutoka Babati. Mimi nilihamishiwa ofisi ya Katesh. Siku moja ya msimu wa kupalilia mahindi, nilisikia redioni wimbo wa taifa, na kabla haujaisha mlango wangu ulifunguliwa na Gidashang akaingia bila hodi. Alikuwa na majivu kwenye nywele.

Ng'ombe wake walikuwa wameingia shamba la Tluway, kwenye njia yao ya zamani ya chumvi ambayo ramani ilikuwa imeipaka kijani. Vijana wakaja na fimbo na viberiti. Boma lake liliteketea. Hakuna aliyekufa, na watu waliniambia nishukuru kwa hilo. Mmoja wa waliowasha moto alikuwa mtoto mkubwa wa Tluway, mpwa wa Martha mwenyewe. Nilikuwapo ofisi ya kata walipomhoji. Mtendaji wa kata alimwuliza kama alijua kwamba ndani ya boma lile kuna shangazi yake.

"Yule mama mimi simjui," alisema kijana. Hakuwa anadanganya, ndilo lililonitia baridi. "Wale ni watu wa Alhamisi."

Chumba kizima kilielewa. Mtendaji aliandika bila kuuliza maana yake. Lilikuwa tayari ni kabila.

Nilikwenda kwa Tluway. Nilimkuta ameketi nje, mzee ghafla.

"Yule ni dada yako," nilimwambia. "Ulimpelekea maharage."

"Najua."

"Basi simama uwaambie vijana."

"Niwaambie nini, Bwana Mifugo? Mimi nilimsukumia Gidashang ng'ombe miaka sita. Hawa hawajawahi kumgusa hata mkia." Alichora mstari mavumbini kwa fimbo. "Mimi nikifa, hakuna atakayejua kwamba tulikuwa ndugu."

Siku ile alipoingia bila hodi, Gidashang alikuwa amekuja kwangu kuomba kibali cha kuhamisha mifugo, kuelekea kusini, ambako alikuwa amesikia kuna nyasi. Kibali lazima kiandikwe na bwana mifugo. Nikaandika idadi, rangi, alama za masikio. Martha alikuwa amekaa kwenye benchi ya nje akiwa na sufuria moja. Veronika, msichana mkubwa sasa, alisimama mbali nao, chini ya ukingo wa paa.

"Unakwenda na sisi?" Gidashang alimwuliza, kwa Kiswahili. Nakumbuka kwamba alimwuliza kwa Kiswahili.

Veronika alitazama chini. "Mjomba amesema nibaki. Amesema mimi nitahesabiwa wa kwao."

"Na wewe umesema nini?"

Veronika alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa ukuta. Gidashang alipokea kibali kwa mikono miwili, akanishukuru. Ningependa angenitukana. Martha alifariki huko kusini baada ya miaka michache, habari tulizipata mnadani kutoka kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Gidashang sijui aliko.

Ninyi mtaniambia kwamba kibao hakiwashi moto. Mtasema ni ardhi, ni ukame, ni idadi ya watu, na mna semina nzuri kuhusu hayo. Nimejiambia hivyo miaka mingi na sijalala vizuri zaidi. Bibi yangu alinitisha na Mang'ati, lakini bibi hakunipa ratiba. Hofu yake iliisha siku moja kwa kicheko, kwa sababu kulikuwa na mahali pa kucheka. Mahali penyewe nilipafunga mimi, kwa rangi na msumari. Hawa watoto walijifunza wao ni nani kila juma, kwa miaka, kwa kuona nani haji. Shuleni waliimba kwamba sisi ni taifa moja, wakatoka wakaenda joshoni kila mmoja siku yake. Sijui cha kuwashauri. Nilitaka kuwaandikia ushauri mwishoni na sina.

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu mnaijua, tulikuwa wote: kuwavisha ng'ombe hereni za utambuzi. Tulipiga kambi siku tatu karibu na lile josho. Siku hizi ni shimo kavu lenye mti wa mbono ndani yake. Ninyi mlikuwa na simu za kusajilia, mimi nilipewa koleo la kubania kwa sababu macho yangu hayaoni herufi ndogo za simu.

Asubuhi ya pili alikuja mama wa makamo na ng'ombe watatu na binti wa miaka kama minane. Nilimtambua kwa namna alivyomshika ng'ombe pua. Mmoja wenu alimwuliza jina la mmiliki.

"Veronika Tluway," alisema.

Nilimsalimia. Alinipa shikamoo ya heshima kama anavyopewa mzee yeyote wa ofisini. Nikiwa nabana hereni sikio la ng'ombe wa kwanza, nilihesabu kwa sauti, Kidatoga, moja mpaka tatu, kwa makosa yale yale aliyokuwa akinisahihisha. Nilisubiri anisahihishe.

"Hiyo lugha siijui, mzee," alisema.

Juu ya kilima walionekana wafugaji wanashuka na kundi kubwa, mashuka mabegani, na wanawake wao wana bangili za shaba zinazong'aa kwa jua. Binti alimvuta mama yake sketi.

"Mama, wale nani?"

Veronika hakugeuka kuwatazama. Mikono yake ilikuwa juu ya mgongo wa ng'ombe, mitupu.

"Wale ni watu wa Alhamisi," alimwambia mwanawe. "Usiwasogelee."

Mtoto akasogea nyuma ya ng'ombe. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Nikambania hereni ng'ombe wa pili, na wa tatu, ambaye alikuwa mkorofi akagoma kutoka kwenye ujia, na Veronika akahangaika naye peke yake kwa kamba. Wale wa kilimani walikuwa wamefika, wamesimama mbali kidogo na fimbo zao, wanatazama. Nikasema, "Anayefuata," kwa sauti ya Mzee Issa, na nikasubiri. Hakuna aliyekuja kumsukumia.